Nani Kawaamsha Wapole

Siku Mkurugenzi aliposimama mbele ya wafanyakazi wote na kutamka kwamba marehemu Mama Panya alikuwa akipika hesabu, Mwashi alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, maranda ya mbao bado yamemganda kwenye soksi, na jambo la kwanza alilowaza ni kwamba masikio yamemdanganya.

Hayakumdanganya.

"Kumbukumbu za miaka tisa," Mkurugenzi alisoma, karatasi kaishika mbali kidogo kama mtu aliyesahau miwani, "zimebainika kuwa haziaminiki. Mtunzaji wa awali wa chumba namba nne hakuwa akisoma mashine. Alikuwa akiketi na kujiandikia namba zinazompendeza. Taasisi inazifuta kumbukumbu hizo zote, na panya wa ukoo ulioharibika watateketezwa Ijumaa, kabla Bodi haijafika."

Shingo zikageuka kumtazama Mwashi. Mtunzaji wa awali wa chumba namba nne alikuwa mke wake. Mama Panya walimwita wao wenyewe wafanyakazi, na yeye akalichukua jina hilo kwa kicheko. Mtunzaji wa sasa alikuwa huyu mumewe, aliyejenga kuta za watu miaka ishirini na sita mpaka goti likagoma, akapewa kazi ya marehemu baada ya mazishi, ndiyo pole yao hiyo, na jina la Mwashi akaja nalo.

Alisimama. Goti likalia ko.

"Mkurugenzi, mtu mwenyewe yuko kaburini miezi minne. Nani atamjibia?"

"Pole sana, mzee wangu. Lakini hili ni suala la kisayansi, si la kifamilia. Keti."

Akaketi. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Aliambiwa keti, akaketi.

Kazi ya chumba namba nne mtu yeyote anaweza kuielewa, ila wakubwa hupenda ionekane ngumu ili wasiulizwe. Kulikuwa na koo mbili za panya weupe. Kizazi baada ya kizazi, wakubwa walichukua panya wenye vurugu wakawaozesha kwa wenye vurugu wenzao, na waliotulia kwa waliotulia, mpaka zikapatikana koo mbili zilizopishana kama moto na maji. Mama Panya aliziita Wachangamfu na Wapole, na hata wenye digrii wakaishia kutumia majina yake. Kilichokuwa kikitafutwa ni kile walichokiita mwamko: ile nguvu inayomfanya mnyama ainue kichwa, anuse, ageuke, atimue mbio, kabla hata hajajua kama kilichomwamsha ni chakula, hatari au mchumba. Walitaka kujua ni kiasi gani cha mwamko huo mnyama anazaliwa nacho kwenye jeni, na ni kiasi gani kinaletwa na homoni zinazozunguka kwenye damu. Majike wengine walipasuliwa wakatolewa ovari, kisha wakarudishiwa homoni kwa sindano, ndani ya tone la mafuta, ili ionekane nani ataamka zaidi.

Kila kizimba kilipitiwa na miale ya mwanga usioonekana kwa macho. Panya akiukata mwale, mashine inaongeza moja. Kila saa mtunzaji anasoma namba kwenye kioo kidogo, anaiandika daftarini, anabonyeza kitufe, namba inarudi sifuri. Mashine yenyewe haikuwa na akili ya kukumbuka chochote. Na kwa kuwa panya huamka giza likiingia, taa za chumba ziligeuzwa: usiku zinawaka, saa mbili asubuhi zinazimika, na mtunzaji anashinda mchana kutwa kwenye giza lenye taa moja nyekundu. Ushahidi wote wa miaka tisa, basi, ulikuwa mkono wa mwanamke mmoja na kalamu yake, peke yake, kwenye wekundu ule.

Kwa mkono wake, Wapole walikata miale arobaini kwa saa, arobaini na tano wakizidi sana. Kwa mkono wa Mwashi, mia na kumi, mia na ishirini. Wachangamfu nao walipanda, lakini wao ndiyo tabia yao, hakuna aliyewashangaa. Mkurugenzi akapiga hesabu yake: jeni hazibadiliki kwa miezi minne, mashine ni zilezile, chakula ni kilekile, basi mmoja kati ya mume na mke ni mwongo. Na kati ya hao wawili, mmoja anaweza kubisha. Akamchagua yule mwingine.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekwisha kupata habari kwa simu. Bibi huyo alikuja kwenye msiba wa bintiye na hakuondoka tena. Alisema nyumba ya mwanamume peke yake inageuka stoo. Mwashi alimkuta sebuleni anachambua mchele, sinia mapajani.

"Baba," alisema bila kumtazama usoni, kama heshima yao ilivyokuwa, "nasikia mwanangu alikuwa mwongo."

"Wanasema hivyo, mama."

"Na wewe ukasemaje?"

"Niliambiwa nikae."

"Ukakaa."

"Nikakaa, mama."

Mama mkwe akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa dirishani. "Huyo mtoto nilimtuma kiberiti dukani ana miaka minane. Karudi kaniambia, mama, njiti ziko thelathini na nane, kwenye boksi wameandika arobaini, nimrudishie mwenye duka? Leo huyo huyo apike hesabu?"

"Najua, mama."

"Kama unajua, usiniambie mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Usiku ule Mwashi alilala kwa vipande. Alikuwa na hasira na Mkurugenzi, ana hasira na karani, ana hasira na mlinzi wa getini, na alipomaliza hao wote akabaki na hasira na panya. Kwa nini hawakutulia? Kwa miezi minne alikuwa akiwalisha, akiwabadilishia maranda, akiwasemesha kwa sauti ya chini kama mkewe alivyomweleza enzi zile wakila chakula cha jioni. Nao wakamlipa kwa kukimbia kama nyumba inaungua, mpaka jina la mtu likaingia tope.

Asubuhi yake, saa mbili na nusu, aliingia chumba namba nne akafunga mlango. Kwanza alikagua masikio. Kila panya wa ukoo wa Wapole alikatwa alama ndogo kwenye sikio la kushoto, na wale Wachangamfu kwenye la kulia. Alipitisha kidole kizimba kwa kizimba. Hakuna aliyechanganywa. Kisha akalivuta daftari chini ya taa nyekundu akaanza kusoma, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitambaa chini ya mstari. Shule aliiacha darasa la nne, na maneno marefu bado yalimpa shida, lakini namba hazikuwahi kumshinda. Ukuta haujengwi kwa kukisia.

Mia na nane. Mia na kumi na saba. Mia na kumi na mbili. Akafungua ukurasa mwingine. Arobaini na tatu. Thelathini na tisa. Arobaini na sita.

Akarudi nyuma, akasoma tena. Siku tatu mfululizo, saa zote, Wapole walikuwa wapole. Siku ya nne wamepanda tena kama wameambizana.

Alizikumbuka siku zile. Goti lilivimba likawa kama embe, akalala nyumbani, na vizimba akaachiwa Shangazi. Huyo ni mama wa usafi, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi, wa kwao na si wa kwao. Mwashi alimkuta ukumbini anakamua dekio.

"Shangazi, zile siku zangu tatu za goti, namba uliziandika wewe?"

"Eh! Na mimi nimeshaitwa?" Shangazi akaweka mkono kiunoni. Alikuwa rafiki wa damu wa marehemu na kwa ajili hiyo alimwita Mwashi shemeji. "Shemeji, mimi niliandika kilichokuwa kwenye kioo. Kama ni kupika, basi mwambie Mkurugenzi wapishi tulikuwa wawili, atuletee na sufuria."

"Sikulaumu. Nataka uingie tena, sasa hivi. Mimi nitakaa nje."

"Ndani mna nini?"

"Ndiyo nataka kujua."

Mwashi alilichukulia jambo hilo kama ukuta wenye ufa. Ukuta ukipasuka hupigi kelele. Unachomoa kimoja kimoja, unatazama. Sabuni ya kunawia ni moja, ya ofisi. Glavu ni zilezile, viatu vya mpira vilevile. Shangazi aliingia saa tatu, akakaa saa nzima. Wapole: arobaini na mbili. Saa nne Mwashi akaingia naye, akasimama kwenye pembe kama nguzo, hakugusa kitu, hakukohoa. Tisini na sita. Saa tano akatoka, akavua shati lake, akampa Shangazi akalitundike msumarini karibu na vizimba, naye akabaki ukumbini na fulana yenye tundu ubavuni. Mia na nne.

Shangazi alitoka na daftari, macho kayatoa.

"Shemeji, hawa wanakimbia shati!"

"Nimeona."

"Shati tupu! Halina hata mtu ndani!"

Mwashi hakucheka. Alilivaa shati lake akaenda moja kwa moja kwa Daktari.

Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mtafiti wa chumba namba nne, mwenye adabu, mwenye woga. Ni yeye aliyewachoma panya sindano za homoni, na ni yeye aliyelia kwa kweli siku ya mazishi. Lakini mkutanoni alitazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho. Mwashi hakuwa amelisahau hilo. Alimwekea daftari mezani, juu ya karatasi zake.

"Soma, Daktari. Siku tatu za goti. Halafu soma leo, saa tatu, saa nne, saa tano."

Daktari akasoma. Akaitoa kalamu mdomoni. Akasoma tena, polepole zaidi.

"Ni harufu," alisema mwishowe, kama anajisemesha. "Ni wewe, baba. Yaani… ni kwamba wewe ni mwanamume."

"Hilo hata mama mkwe wangu analijua."

"Sikiliza. Jasho la mwanamume linabeba alama za homoni zake. Na panya kwa panya, dume mgeni ni hatari. Akiingia kwenye kiota anaua watoto. Pua ya panya ikisikia dume, haiulizi ni dume la nani. Mwili unamwaga homoni za hofu, moyo unakwenda mbio, anaamka mzima mzima. Mama Panya aliwalea tangu wakiwa wekundu hawana manyoya. Kisha siku moja mwanamke akatoka, mwanamume akaingia."

"Kwa hiyo yeye alikuwa akiandika kweli."

"Alikuwa akiandika kweli."

"Na mimi naandika kweli."

"Na wewe pia."

Mwashi akalifungua daftari kwenye jalada la ndani, palipochorwa mistari ya kujazia. "Hapa mna sehemu ya joto. Hapa unyevunyevu. Hapa aina ya chakula, hapa saa ya kubadilisha maranda. Mpaka kelele za jenereta mmeweka sehemu yake. Ya kuandika nani kaingia chumbani iko wapi?"

Daktari akapitisha kidole kwenye mistari ile, juu hadi chini.

"Iko wapi, binti yangu?"

"Haipo."

"Miaka tisa!"

"Haikuonekana muhimu. Mtunzaji ni… mtunzaji tu."

"Sema vizuri. Mtunzaji si mtu." Sauti ya Mwashi ilikuwa ya chini, lakini glasi ya maji ya Daktari ilitetemeka kwa jinsi alivyoiegemea ile meza. "Panya aliye kwenye kizimba anajua kwamba chumbani ameingia mtu mwingine. Panya! Ninyi mlio na vyeti ukutani hamkujua. Mlidhani ni ufagio umebadilishwa."

Daktari akafuta macho kwa kiganja. "Nitamweleza Mkurugenzi."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua. Lakini atasema shati ni lako, labda umelipaka kitu. Atasema labda ni wewe tu peke yako, hawajakuzoea. Inabidi awe mwanamume mwingine, asiye na uhusiano na jambo hili. Na jaribio lolote jipya linahitaji kibali cha Kamati, na Kamati inakaa baada ya miezi miwili."

"Na panya wanachomwa kesho."

"Kesho saa mbili asubuhi."

Mwashi akatoka kutafuta mwanamume. Mlinzi alisema hatoki getini. Dereva alisema yeye na panya hawajawahi kuelewana. Fundi umeme alivua hata kofia, akakumbuka ana watoto watatu, akaivaa. Kila mmoja alimpa pole ya marehemu, kila mmoja akarudi nyuma hatua moja. Mwashi alikuwa akipanda ngazi kurudi kwa Daktari, hasira imemfika kooni, ndipo alipopita mbele ya ofisi ya Mkurugenzi. Mlango ulikuwa wazi, Shangazi anafuta meza, na juu ya mgongo wa kile kiti kikubwa cha ngozi lilikuwa limetundikwa koti.

Koti hilo kila mtu alilijua. Lilikuwa la kijivu, la vifungo viwili, na lilifika kazini kila siku bila kukosa, tofauti na mwenyewe. Mkurugenzi alilitundika asubuhi kisha akaondoka kwa mambo yake, na karani akawa akimjibu kila aliyeuliza: yupo, koti si lile pale, subiri.

Ndivyo alivyojibiwa Mama Panya. Kifua kilimbana saa nne asubuhi, na mlinzi hakumfungulia geti bila karatasi yenye sahihi ya Mkurugenzi. Akapanda ngazi hizi hizi. Yupo, subiri. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akalisubiri koti saa mbili na dakika kumi, mkono kifuani, jasho linamtiririka, mpaka akateleza, akaanguka na kiti. Hospitali walisema kama angewahi. Wanasema hivyo kila mara, lakini Mwashi aliyashika maneno hayo kama yalivyo, wala hakukusudia kuyaachia.

"Shangazi," alisema, "nipe hilo koti."

Shangazi alimtazama usoni, akalitazama koti, akatazama ukumbini kushoto na kulia. "Shemeji, mimi sijui kusoma mawazo ya watu. Mimi nimekuja kufuta vumbi. Hili koti lina vumbi, nalipeleka likakung'utwe." Akalikunja mkononi akashuka nalo.

Daktari alikuwa mlangoni mwa chumba namba nne. Alipoliona akafunga macho.

"Mzee wangu, usinionyeshe."

"Sikuonyeshi. Nakuomba uingie na Shangazi, uandike kwa mkono wako. Mwanamke mwenye cheti."

Akatazama ngazini kama kuna mtu. Kisha akavaa glavu. "Koti sijaliona," alisema. "Lakini namba nikiziona, nitaziandika."

Kuanzia saa saba hadi saa nane walikaa wanawake wawili, koti likiwa bado nje. Wapole: arobaini na nne. Saa nane Shangazi alilitundika koti kwenye ule msumari. Mwashi alikuwa nje, mgongo ukutani, anasikiliza. Hakusikia sauti za watu. Alisikia maranda: kwanza chakacha moja, kisha ya pili, kisha vizimba vyote, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kitu kikimlegea shingoni, na hapo hapo akakasirika zaidi, kwa sababu mkewe angepaswa kuwa hai aisikie.

Saa tisa kasoro kumi Mkurugenzi alishuka ngazi kwa kishindo, shati limemtoka suruali.

"Nani kachukua koti langu? Funguo za gari ziko humo! Nina kikao!"

"Liko kazini," Mwashi alisema. "Kama siku zote."

"Wewe! Unasemaje?"

"Liko ndani. Mheshimiwa, usiingie. Ukiingia utaharibu hesabu."

Mkurugenzi akamsukuma begani akafungua mlango. Kwenye ule wekundu Daktari alikuwa ameinama juu ya kioo, kalamu mkononi, na panya wa ukoo wa upole walikuwa wakizunguka vizimba kama wamewashwa miguu. Koti lilining'inia juu yao limetulia.

"Mia na thelathini na moja," Daktari alisema, bila kugeuka. "Kabla ya koti, arobaini na nne. Nimesoma mwenyewe, Mkurugenzi." Akaiandika namba. "Mama Panya hakudanganya. Kilichobadilika ni mtunzaji. Alikuwa mwanamke, akawa mwanamume, na sisi hatukuandika popote."

Mkurugenzi alilinyakua koti. Akalitazama, akawatazama panya. Mwashi alimwona kwa macho yake jinsi uso ule ulivyogeuka, hasira ikitoka, kitu kingine kikiingia, kama mpangaji anahama na mwingine anapakua mizigo mlango huo huo.

"Lakini huu ni ugunduzi," Mkurugenzi alisema taratibu. "Daktari, huu ni ugunduzi wa taasisi. Bodi ikija kesho… Athari ya jinsia ya mtunzaji kwenye mwamko. Tutaandika. Jina langu litatangulia, kwa taratibu. Panya wasichomwe. Na wewe, Mwashi, umetusaidia sana, bila kujua."

"Bila kujua?" Shangazi alisema kwa nguvu.

"Bila shaka itabidi uondolewe chumba hiki. Unaelewa, hufai tena humu. Tutakutafutia bustani."

"Sawa, niondoe," Mwashi alisema. "Ila kwanza jina la mke wangu."

"Ah, hilo tutalirekebisha."

"Lini?"

"Tutalirekebisha, mzee wangu. Usiwe na haraka."

"Mke wangu aliambiwa hivyo hivyo kwenye kiti cha plastiki." Mwashi alisimama katikati ya mlango, na mlango ule ulikuwa mwembamba, na yeye kwa miaka ishirini na sita alikuwa amebeba matofali. "Kalamu anayo Daktari. Karatasi ziko daftarini. Andika hapa hapa."

Mkurugenzi alitazama saa. Akatazama wale wanawake wawili, hakupata msaada. Akaandika, amelaza karatasi juu ya kizimba, kisha akamnyooshea. Mwashi akaisogeza chini ya taa nyekundu, kidole chini ya mstari, akisoma kwa sauti, neno kwa neno, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"'Kumbukumbu… za mtunzaji wa awali… zinaweza… kuwa sahihi.'" Akainua kichwa. "Zinaweza?"

"Ni lugha ya kitaalamu."

"Jana hukuandika anaweza kuwa mwongo. Uliandika alikuwa mwongo. Utaalamu wako jana ulikuwa wapi?" Akaichana karatasi mara mbili, akavitia vipande mfukoni. "Andika tena."

Aliandika mara tatu. Ya pili ilikuwa na neno "inaonekana", nayo ikachanwa. Ya tatu ilisema kwamba Mama Panya alisoma mashine na kuandika alichokisoma, kwa miaka tisa, bila kosa; kwamba kosa lilikuwa la uongozi, ambao haukuandika nani aliingia chumbani. Neno "uongozi" Mwashi alilidai yeye, Mkurugenzi akilikwepa kwa "taasisi", kwa "mfumo", kwa "mazingira".

"Mfumo hauna mikono," Mwashi alimwambia. "Mazingira hayasimami mkutanoni kumtukana marehemu. Andika uongozi. Na kesho utaisoma mwenyewe, mbele ya wale wale."

Ijumaa saa nne Mwashi hakuwa tena mtunzaji. Walikuwa wamempa reki na ndoo ya kumwagilia, na barua fupi isiyo na asante. Mama mkwe alikuja naye, amevaa gauni lake la msibani, akaketi mstari wa mbele bila kumwomba mtu nafasi. Bodi nayo ilikuwa pale, watu watano wenye vitambulisho shingoni, wanaulizana hapa kuna nini.

Mkurugenzi alisimama, koti limefungwa vifungo vyote viwili. Aliisoma karatasi kwa kasi, kidevu kifuani, akiyameza maneno kama mtu anayemeza vidonge vichungu, na alipofika kwenye uongozi sauti ilipotea kabisa. Akaikunja karatasi. Watu wawili watatu wakaanza kupiga makofi ya kumaliza shughuli.

"Sauti haifiki huku nyuma," Mwashi alisema.

Alikuwa amesimama tangu mwanzo, reki mkononi. Makofi yakakatika.

"Nimekwisha kusoma," Mkurugenzi alisema.

"Umesomea koti lako. Rudia, mheshimiwa. Mama yake yuko hapo mbele."

Mmoja wa Bodi alimgeukia Mkurugenzi akisubiri. Mama mkwe alivuta kiti chake mbele kidogo, akaiweka mikono mapajani. Mkurugenzi akaikunjua karatasi, akakohoa, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza.